Salio Halina Unene: Kabla Hujaenda Nairobi Kununua Vitu

Tuseme ukweli ambao watu wa pesa za simu hatupendi sana kuusema: ukilipa kwa simu, ni rahisi kupitisha bajeti. Noti zikiwa mfukoni, unazihisi zikipungua. Salio halina unene. Unaweka PIN, unabeba mfuko, unasonga hadi kibanda kinachofuata.

Sisi wanne wa ofisi ya Mombasa tulifunzwa hilo Disemba iliyopita, tulipoenda Nairobi siku tatu kununua vitu. Tulitaka nguo za Krismasi, mapazia, na sanduku la mdogo wa mmoja wetu aliyekuwa anaenda shule ya bweni Januari. Mpango wetu? "Bei tutaziona tukifika." Siku ya pili jioni, tukiwa Eastleigh, mwenzetu huyo alikuwa na mapazia ya nyumba nzima na hana nauli ya kurudi. Sanduku bado. Ikabidi tuchange.

Kwa hivyo tunashikilia kwamba bajeti ya Nairobi hupangwa kuanzia mwisho. Kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda. SGR ya kawaida ni shilingi 1,500 kila upande, na usisahau stesheni ziko Miritini na Syokimau, yaani kuna nauli nyingine ya kufika mjini. Pili, tenga pesa ya kile kitu kilichokutoa nyumbani. Tatu, karo ifungie kwenye akiba hadi Januari. Kinachobaki ndicho cha kuzungusha sokoni, nacho ukigawe kwa siku.

Kuna wanaosema kufungia pesa ni kujinyima, eti mtu mzima anajua kujizuia. Labda. Sisi tulikuwa watu wazima wanne.

Na mkopo wa simu je? Hapana. Tunajua tunauza huduma hiyo, lakini mapazia si dharura.

Sasa sokoni. Gikomba nenda asubuhi na mapema, marobota yakifunguliwa, kama unataka kamera, ile mitumba ya chaguo la kwanza. Ukifika saa sita utapata zilizoshikwa na kila mtu, ingawa bei nayo itakuwa imelegea. Masanduku ya shule na sufuria ziko Kamukunji, na mafundi wenyewe utawasikia wakigonga mabati kabla hujawaona. Anza huko ikiwa sanduku ndilo lililokuleta, usifanye kama sisi. Eastleigh ni ya mapazia, vitambaa na abaya. Huko ukinunua vitu kadhaa pamoja unapunguziwa, kwa hivyo kwenda kama kikundi kunalipa. Vifaa vya umeme ni Luthuli Avenue. Leso usinunue Nairobi, tafadhali. Wewe umetoka Mombasa na Biashara Street yetu iko pale pale.

Halafu kuna ile kauli inayotukera kuliko zote: "Tuma kwa namba yangu, na uweke ya kutoa." Mmepatana bei dakika kumi, umeshinda, kisha unalipa gharama ya kutuma na ya muuzaji kutoa. Bei imepanda tena na wewe unacheka tu. Uliza kama ana till kabla hujaanza kupatana. Ukilipa kwa till wewe hukatwi chochote. Muuzaji ndiye hukatwa kidogo, na tunaelewa kwa nini wengine hawaipendi. Lakini hiyo ni gharama ya biashara yake, si yako.

Kelele za Gikomba zinafanya namba zisikike vibaya, kwa hivyo mwambie aiandike au akuonyeshe bango. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla malipo hayajakamilika. Jina likikushangaza, muulize hapo hapo, hata kama foleni nyuma yako inanuna. Ukishakosea, omba pesa irudishwe mara moja, usingoje hadi ufike nyumbani.

Sanduku tulilipata siku ya tatu asubuhi, saa chache kabla ya treni, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mapazia, kwa taarifa yenu, ni mafupi.