Cha Kurithi na cha Kuambukizwa: Somo Kutoka kwa Panya

Nilipotembelea shule za sekondari za ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama virusi vya Ukimwi hujipachika katika DNA ya mtu, je, ugonjwa huo si wa ukoo?" Wenzake walinyamaza. Nilitambua kwamba swali hilo halikuwa la mtihani. Wapo watoto wanaonyooshewa vidole kwa sababu ya maradhi ya wazazi wao.

Swali lile lina nusu ya ukweli, na kwa hiyo lastahili jibu kamili. Retrovirusi, ambavyo VVU ni miongoni mwavyo, hunakili RNA yao kuwa DNA, kisha hupachika nakala hiyo katika kromosomu za seli. Lakini hapana budi tuulize: seli ipi? Ikiwa ni seli ya damu, nakala hufa pamoja na mwenye mwili. Ikiwa ni yai au mbegu ya kiume, nakala yaweza kurithiwa kizazi hata kizazi.

Jambo hili la pili limetokea mara nyingi. Jenomu ya panya mdogo wa maabara, yaani jumla ya DNA yake, ilichapishwa mwaka 2002. Takriban sehemu moja ya kumi ya jenomu hiyo ni mabaki ya retrovirusi vya kale. Kwa binadamu ni asilimia 8 hivi. Mabaki hayo ni kama marudio yaliyolundikwa kando ya mialo ya Geita: mengi hayana kazi, lakini baadhi yana dhahabu. Jeni mbili za panya, sinsitini A na B, zilitokana na virusi, na sasa hujenga kondo la nyuma. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kijusi cha panya kisicho na sinsitini A hufia tumboni.

Hata hivyo, panya hao hao hutuonya tusiharakishe kusema "urithi". Katika miaka ya 1930, huko Bar Harbor, Marekani, zilikuwapo koo za panya ambazo majike wengi walipata saratani ya matiti. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni urithi mtupu. Mwaka 1936 John Bittner alieleza kwamba watoto wa koo hizo, wakinyonyeshwa na majike wa ukoo usio na saratani, wengi walinusurika. Baadaye ilithibitika kwamba maziwa yalikuwa na virusi. Lakini katika ukoo mwingine, ulioitwa GR, wa Uholanzi, virusi vya aina hiyo hiyo vimo katika kromosomu, na hurithiwa kwa baba na kwa mama. Ugonjwa ulikuwa mmoja, njia zilikuwa mbili, na majaribio ndiyo yaliyozitenganisha.

VVU viko upande wa maziwa, si upande wa kromosomu za urithi. Hukaa hasa katika chembe nyeupe fulani za damu. Mtoto huambukizwa akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au anaponyonya. Na njia hizo zaweza kuzibwa. Bila kinga, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU huambukizwa. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kwa maoni yangu, tunakosea tunapofundisha virusi katika sura moja na urithi katika sura nyingine, bila kuonyesha mahali zinapokutana. Kazi hii haihitaji maabara. Mwalimu na achore ubaoni seli mbili, ya damu na ya uzazi, kisha aulize: nakala ya virusi ikipachikwa hapa, je, itamfikia mjukuu?

Ndivyo nilivyomjibu mwanafunzi yule, kwa chaki. Tusipomjibu sisi darasani, atajibiwa mtaani, na jibu hilo litamwangukia mtoto asiye na kosa.