Takwimu za Maradhi ni Suala la Haki

Mwalimu anapoita majina asubuhi hawaangalii walioitika peke yao. Huwauliza pia wasioitika wako wapi. Kazi ya kuwahesabu wagonjwa wa taifa zima haina tofauti na hiyo, nayo ni ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mfano mmoja tunaupata Marekani, katika ugonjwa uitwao lupasi.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Viungo huuma na kuvimba, wekundu wenye umbo la kipepeo hutanda mashavuni, na wengine huharibika figo. Ugonjwa huu hauambukizi. Wengi wanaoupata ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa kuwa dalili zake hufanana na za maradhi mengine, mgonjwa aweza kuzunguka hospitalini kwa miaka kabla ya kuambiwa anaugua nini.

Je, Wamarekani wangapi wanao? Chama cha kuwatetea wagonjwa hao kimekuwa kikitaja watu milioni 1.5, kikijumlisha aina zote za lupasi. Serikali ya nchi hiyo, kwa upande wake, iligharimia madaftari maalumu katika sehemu za Georgia, Michigan, California na Manhattan, na pia miongoni mwa wenyeji wa asili. Watafiti walipekua majalada ya hospitali, maabara na madaktari bingwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikadiria watu 204,295 wenye lupasi ya mwili mzima, yaani kama 73 katika kila watu 100,000.

Msomaji aweza kuuliza: hesabu hizi zina uzito gani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1983, pamoja na marekebisho yake, huuita adimu ugonjwa unaowapata watu wasiofika 200,000, na kampuni zinazotafuta dawa za maradhi hayo hupewa nafuu ya kodi na haki ya kuuza peke yao kwa miaka 7. Kumbe watu elfu chache daftarini waweza kuuhamisha ugonjwa kutoka upande mmoja wa sheria hadi mwingine.

Liko jambo zito zaidi. Ile 73 ni wastani, na wastani huficha mengi. Katika kila wanaume 100,000 wagonjwa ni kama 15. Katika wanawake ni 129. Tena, kwa wanawake weupe ni 85, kwa wanawake weusi 231, na kwa wanawake wa wenyeji wa asili 271. Kiongozi anayepanga huduma kwa wastani pekee atawapunja hasa wale walioelemewa.

Wapo wanaoshikilia kwamba idadi kubwa ndiyo ya kutangazwa, ili wenye fedha washtuke. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Idadi isiyo na msingi ikianguka, huanguka na wagonjwa wake. Yenye nguvu ni ile iliyohesabiwa kwa uaminifu, ikasema wazi ni nani walioachwa nje. Maana hata daftari bora humwona aliyefika kwa daktari tu; asiyefika hayumo.

Hapo ndipo somo hili linapotugusa. Kwa miaka mingi maandishi ya tiba yalirudia kwamba lupasi ni nadra katika Afrika, ilhali wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo wanaugua kwa wingi huko Marekani. Kabla ya kuiafiki kauli hiyo hatuna budi kuuliza: nani alitafuta, kwa kipimo gani, katika zahanati ipi? Pasipo maabara na mtaalamu, binti mwenye homa na maumivu ya viungo huandikiwa malaria au baridi yabisi, na lupasi huendelea kuitwa nadra.

Tulifundishwa kwamba ujinga, umaskini na maradhi ni maadui wa taifa. Hapa maadui hao hushirikiana. Basi mwalimu asiharakishe kumwita mvivu msichana anayekosa masomo kila mara kwa uchovu na maumivu. Amhimize apelekwe hospitali. Naye mtumishi anayejaza fomu za takwimu akumbuke kwamba kila mstari ni mwananchi. Ugonjwa usioandikwa haupangiwi dawa.