Dawa ya Minyoo na Daftari la Mwalimu

Mtoto mwenye safura haonekani mgonjwa machoni pa wengi. Huja shule, huketi, husinzia. Mwalimu humwita mvivu, na jamaa zake husema ndivyo alivyozaliwa. Kumbe damu yake yanyonywa na minyoo iliyomwingia kwa nyayo, katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi.

Mwaka 1998 wataalamu wawili wa uchumi, Edward Miguel na Michael Kremer, walianza kuchunguza shule 75 za Busia. Dawa ya minyoo ilipotolewa, utoro ulipungua kwa robo nzima. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ikawapa dawa hiyo watoto zaidi ya milioni 3, na mwaka 2012 kazi ikaanzishwa upya kwa mpango wa miaka kadha wa kadha, Pwani ikiwamo.

Je, kazi kubwa namna hii ilifanikiwaje? Si kwa wingi wa madaktari, maana hawatoshi. Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu zilishikana mikono. Maofisa walifundishwa, nao wakawafundisha walimu. Siku ikatangazwa, kila mtoto akapewa kidonge, jina lake likatiwa alama daftarini, na hesabu ikapelekwa juu. Pasipo hesabu hiyo, hapana ajuaye ni nani aliyekosa.

Yafaa watu wa Miasenyi, huko upande wa Voi, walifikiri sana jambo hili. Nchi yao ni kavu. Mtoto aliyetumwa maji au aliyekwenda kuchunga mbuzi siku ya dawa hurudi jioni na minyoo yake tumboni. Kwa hiyo ni wajibu wa chifu, wazee na wazazi kuipata habari mapema na kuieneza. Hata asiyeandikwa shuleni na aletwe, kwani mpango ule ulimkubali naye pia.

Lakini shule peke yake haitoshi. Utafiti uliofanywa Kwale, nchi jirani, kati ya 2015 na 2017, ulionyesha kwamba safura hupungua zaidi wakubwa na wadogo wa kijiji wakinywa dawa pamoja. Tena dawa haizuii minyoo kurudi. Kinachoizuia ni choo kitumikacho, viatu miguuni na maji ya kunawa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu ameshika daftari. Aliye nyumbani na achimbe choo.