Mbwa wa Kwenye Simu na Mbwa wa Mlangoni

Jioni hapa Mabanga, Kaskazini au Kusini, ni kawaida kukuta vijana watano wameinamia simu moja wakiangalia video ya mbwa anayempokea bwana wake aliyetoka safari. Wanacheka, wanasema, «Huyu ana akili kama mtu!» Kisha mbwa wa jirani anapita njiani, na mmoja wao anainama kuokota jiwe. Katika Goma mawe hayakosekani. Volkano imetuachia ya kutosha.

Jambo hili linaonekana dogo. Lakini linatuuliza swali la kweli: upendo wetu unaishia wapi?

Mapenzi ya mbwa wa kwenye filamu si ya leo. Mwezi wa Septemba 1918, vita kuu vilipokaribia kwisha, askari mmoja wa Marekani, Lee Duncan, aliokota watoto wa mbwa katika kibanda kilichopigwa na mabomu huko Ufaransa. Mmoja wao, Rin Tin Tin, akawa nyota wa sinema. Huko Japani, mbwa Hachikō aliendelea kumngojea bwana wake kwenye stesheni ya treni tangu bwana huyo alipokufa mwaka 1925 mpaka mbwa mwenyewe alipokufa mwaka 1935. Filamu ya 2009 yenye kisa hicho imeliza watu wengi. Watu wanapenda visa hivi kwa sababu vinaonyesha uaminifu, kitu ambacho wanadamu tunakitafuta kila siku na kukikosa mara nyingi.

Hata sisi tuna mbwa wetu wenye sifa. Tangu mwaka 2011, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa kule Rumangabo, njia ya Rutshuru. Ni mbwa wanaofuata harufu ya mtu, na walinzi wanawatumia kuwatafuta majangili. Mwaka 2014 filamu ya «Virunga» ilipeleka habari za hifadhi hiyo dunia nzima. Hapo ndipo wengi wetu tunanung'unika: «Wageni wanalilia sokwe na mbwa. Sisi nani anatulilia?»

Nung'uniko hilo lina haki yake. Tumezika watu wengi, tumeona kambi za wakimbizi zikijaa na kubomolewa. Lakini tusisahau kwamba walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini, nao ni watoto wa nchi hii, wenye wake na watoto. Anayewaheshimu hawezi kudharau kazi waliyoifia.

Neno la Mungu linasaidia hapa. Ni kweli kwamba katika Maandiko mbwa mara nyingi ni mfano wa unajisi. Paulo anatumia neno hilo kama onyo kali katika Filipi 3:2. Lakini Mezali 12:10 inafundisha kwamba mtu wa haki anajali maisha ya mnyama wake. Na katika Luka 16, Lazaro amelala mlangoni kwa tajiri akiwa na vidonda, na mbwa wanakuja karibu naye. Tajiri hahukumiwi kwa sababu ya mbwa. Shida yake ni kwamba mtu alikuwa mlangoni kwake na yeye hakumsogelea. Kwa hiyo nyumba ambayo mbwa anakula nyama huku maibobo amelala na njaa nje ya lango isikilize vizuri mfano huo. Tena, kumpiga mbwa hakumshibishi maibobo. Moyo uliozoea ukatili kwa mnyama hauwi mpole ghafla kwa mtoto wa mwenzake.

Upendo wa kweli una gharama pia, na gharama ya kwanza ni chanjo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wanakipata kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Lakini mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa unazuilika.

Sasa tufikiri hali ya mji wetu. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, Mabanga zote mbili zilikuwa kati ya kartie zilizoamriwa kuhama. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani hana mkono wa kumshika mbwa, na hatumlaumu. Ila mbwa aliyeachwa anakuwa wa njiani, hana chakula wala chanjo. Mtoto aliyezoea mbwa wapole wa kwenye simu anamkaribia akinyoosha mkono.

Ndiyo maana makanisa yana kazi. Walimu wa Ekodimu wafundishe watoto wasimguse mbwa wasiyemjua, wasimchokoze anayekula au anayenyonyesha. Katika matangazo ya Jumapili tuseme wazi: mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala asiridhike na majani au maombi peke yake. Tunaomba tukiwa njiani kwenda hospitalini.

Na mwenye mbwa wa kulinda parsele amchanje, ampe maji na chakula, asimfunge mnyororo juani mchana kutwa ili awe mkali. Asiyeweza kumtunza asimchukue.

Machozi ya filamu hayagharimu kitu. Mbwa aliye mlangoni anahitaji bakuli la maji na sindano ya chanjo, na mtoto wa jirani anahitaji tufanye hivyo kabla hajaumwa.