Moshi wa volkano na maharagi yetu: hasara yenye haihesabiwi

Kwa sisi wakaaji wa Goma na teritwari ya Nyiragongo, volkano ni moto wenye kutelemuka. Tunakumbuka 22 Mei 2021: watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu ya nyumba yaliungua, na siku tano nyuma yake watu karibu 400 000 waliambiwa wahame. Hasara ile ilihesabiwa. Lakini kuko ingine inakuja bila kelele, na mkulima anaibeba peke yake. Ni moshi.

Nyiragongo na Nyamulagira zinatosha gazi ya kiberiti hata wakati lava haitelemuki. Mara nyingi upepo unaisukuma upande wa magharibi: Rusayo, Sake, mpaka Masisi.

Jani linapumua kwa vitundu vidogo sana, vingi viko upande wa chini. Gazi inaingia humo, inachangana na maji ya ndani, inageuka asidi. Jani linakufa katikati ya mishipa yake: unaona madoa meupe ao ya kahawia. Gazi ingine, ya fluori, inaunguza ncha na kandokando. Jani likikosa ukijani, halitengenezi tena chakula cha mmea. Kama maharagi yalikuwa kwenye maua, mavuno yanapunguka sana.

Wengi wanafikiri ni ugonjwa, wanakopa feza wanunue dawa. Dawa haisaidii kitu hapo. Namna ya kutofautisha ni hii: ugonjwa mara nyingi unaanza kwa mashina machache, kisha unaenea polepole, na unashika aina moja ya mmea. Moshi unapiga kwa siku moja ao mbili tu maharagi, migomba, viazi na hata majani ya pori, pale upepo ulipitia.

Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kinapima gazi. Agronomu anaona mashamba. Habari za hawa wawili zikikutana, mkulima angejulishwa mapema asipoteze feza kwa dawa. Kwa sasa, ndugu mkulima, andika tarehe, piga picha ya majani, peleka kwa agronomu na kwa shefu wa kijiji. Siku mbegu zitagawanywa kwa waliopoteza mavuno, orodha itatoka kwa yale yameandikwa.