Jiki Haikaushi Ukuta

Masika yakikolea, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani kote, kila nyumba hupata mtaalamu wake wa ukungu. Shangazi anaagiza siki, fundi anataka ndoo ya rangi, mwenye nyumba anasema wapangaji hawafungui madirisha. Wote wanaliangalia doa. Ukungu hula karibu kila kilichomo ndani: vumbi, mbao, karatasi, ngozi ya viatu, hata gundi iliyomo kwenye rangi. Chakula haukosi. Kitu pekee tunachoweza kuunyima ni maji. Basi kila ushauri nitaupima kwa swali moja: unapunguza maji, au unaficha doa?

Tuanze na jiki, maana ndiyo inayosifiwa kuliko zote. "Jiki inaua kila kitu." Kwenye vigae, sinki na kioo, sina ubishi. Shida inaanza kwenye plasta, jipsamu na mbao, vitu vinavyonywa. Dawa yenyewe huishia juu juu na kupausha rangi ya doa, huku maji yaliyoibeba yakizama ndani, kule ulikojificha ukungu wenyewe. Ukuta unang'aa, kila mtu anafurahi, na baada ya muda si mrefu doa lilelile linarudi mahali palepale. Tena ukungu uliokufa bado humsumbua mwenye pumu au mzio, kwa hiyo kuuua bila kuuondoa ni kazi nusu. Sabuni ya unga, maji, brashi, kisha kitambaa cha kufutia na feni ya kukaushia vinatosha kwa doa dogo. Ukiona lazima utumie jiki, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, vaa glavu, acha dirisha wazi.

Na tafadhali, usiichanganye. Wapo wanaomimina jiki juu ya dawa ya choo yenye asidi, au juu ya siki, wakidhani mbili zina nguvu kuliko moja. Hapo unatengeneza gesi ya klorini chooni mwako. Hata choo chenye mkojo mwingi uliolala kikimwagiwa jiki hutoa mvuke unaokaba koo. Mwaga maji kwanza.

Siki nayo? Huua aina fulani za ukungu na nyingine haizidhuru. Ni asidi, hivyo inakula chokaa. Usiipake kwenye tarazo wala kwenye ukuta wa nyumba ya kale.

"Piga rangi, itakwisha." Huu ndio uongo wa gharama kubwa, hasa ikiwa rangi yenyewe ni ya mafuta. Maji yaliyomo ukutani hayakuondoka; yamefungiwa mlango tu. Yatatafuta pa kutokea, na utaona rangi ikivimba malengelenge, kisha ikibanduka na kipande cha plasta. Kabla ya kumwita fundi rangi, tafuta maji yanatoka wapi: bati lenye tundu la msumari, gata lililojaa majani, bomba linalovuja nyuma ya kigae, au udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ziba kwanza. Subiri ukuta ukauke kabisa, na wakati wa masika subira hiyo ni ya wiki nyingi, si siku mbili. Ndipo ukwangue, upige msasa ukiwa na barakoa, upake.

Hapa niongeze jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulikosea. Si kila doa ni ukungu. Ule unga mweupe unaotoka sehemu ya chini ya ukuta na kuifanya plasta imong'onyoke ni chumvi, iliyotoka kwenye mchanga wa pwani, maji ya kisima cha chumvi, au ardhini, pale msingi ulipojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Nyunyizia maji kidogo: chumvi huyeyuka na kupotea, ukungu hulowa tu na kubaki. Chumvi haisikii jiki wala dawa yoyote ya ukungu. Inachosema ni kwamba maji yanapanda kutoka chini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unalo funzo lake. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena jua likiwaka. Anakuja mtu na saruji "ili iwe imara", analiziba tabaka la nje, na maji yanakosa njia. Yanahamia chumbani. Chokaa mbichi, kwa ukali wake, ukungu hauipendi hata kidogo. Nani alisema ni umaskini kuipaka?

"Wapangaji ndio wanaoleta unyevu." Kuna ukweli ndani yake, na tuuseme. Nguo zinazoanikwa chumbani mvua ikinyesha, maji yake yote yanaishia hewani. Gesi ya kupikia nayo ikiungua hutoa mvuke: mtungi wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani zaidi ya lita 9 za maji, na hapo sijahesabu mvuke wa sufuria. Kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje halipati hewa mgongoni. Lisogeze upana wa kiganja. Madirisha fungua jua likiwa limewaka, mchana, hewa inapokuwa kavu zaidi. Kuyafungua alfajiri ya masika ni kukaribisha unyevu.

Lakini hakuna mpangaji anayetoboa bati kwa kupika wali. Lawama hii imewahi kuua. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, wa familia yenye asili ya Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 2. Baba yake alikuwa amelalamikia ukungu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika Oktoba 2025: wamiliki wa nyumba za jamii nchini humo wanapaswa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24.

"Ule mweusi ndio wa sumu, wa kijani hauna neno." Rangi haikwambii kitu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2009, halikutaja aina salama wala kiwango salama. Lilisema unyevu uzuiwe na ukungu uondolewe. Mweusi, kijani au wa pamba nyeupe, kazi ni ileile.

Kiyoyozi? Hukausha hewa, kweli. Ila chumba kibaridi chenye mlango unaofunguliwa kila mara huvuta hewa ya joto iliyojaa mvuke, ikagonga ukuta baridi na kutoa jasho. Funga mlango, safisha vichujio.

Udi na ubani vinafukuza harufu, basi. Mkaa kabatini hivyo hivyo. Naftalini ni dawa ya wadudu, ukungu hauijali, na naomba isiwekwe kamwe kwenye nguo za mtoto mchanga: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si nadra kwetu, anaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu na kupata manjano kali.

Kwa anayetafuta nyumba, nina ombi moja. Kabla hujalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, nenda ukaione siku ya mvua. Angalia kona za dari, nyuma ya kabati na sehemu ya chini ya kuta za nje. Ukikuta rangi mpya mahali pamoja tu, uliza inafunika nini. Na kwenye mkataba iandikwe waziwazi bati likivuja analiziba nani, na ndani ya siku ngapi.