Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maonesho: Ufunguo wa Choo Anao Nani?

Ndugu Mwenyekiti,

Maonesho ya sanaa na kazi za mikono humkutanisha fundi na mnunuzi pasipo dalali. Uzito wake haumo katika bidhaa, maana vinyago vipo Mwenge mwaka mzima na picha za Tingatinga hazikosekani Oysterbay. Umo katika kuona kazi ikifanyika. Mchongaji wa Kimakonde huanza na tezo, akiondoa gamba la mpingo na mti mweupe wa nje mpaka aufikie moyo mweusi. Patasi, tupa na msasa hufuata. Msusi wa ukili huanika miyaa juani, huichana nyembamba, mingine huichemsha na rangi, ndipo asuke utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane mkeka. Mtoto aliyeyaona hayo hashangai tena bei ya mkeka.

Ndiyo maana Siku ya Familia ilitangazwa redioni: watu waje na watoto, waje na wazee. Familia ya mwandishi wa barua hii ilitii. Ilikuja na bibi, mzaliwa wa Kilwa, aliyewasomesha wanawe kwa fedha ya mikeka, na ambaye sasa anaugua kisukari. Kwa mwenye kisukari, haja haingoji ratiba. Vyoo vya uwanjani vilikuwa na makufuli mapya yanayometameta, pengine mali iliyotunzwa kuliko zote siku hiyo. Mlinzi alieleza kwa adabu kwamba ufunguo anao msimamizi, na msimamizi amekwenda kumpokea mgeni rasmi. Bibi akavuka barabara hadi msikitini, akasitiriwa. Aliporudi getini alioneshwa maandishi ya nyuma ya tiketi: atokaye haingii tena. Bibi hakuona ukili.

Watoto walilia. Chipsi ziliuzwa kwa bei ya kuku. Hayo husameheka. Lakini bibi hakuona ukili, na turubai la wasusi lilionekana vizuri kabisa kutoka pale alipozuiwa.

Wasusi wenyewe wana hali mbaya zaidi. Mmoja wao alisema hanywi maji mpaka jioni, banda likishafungwa, kwa kuwa akinywa hana pa kwenda. Kamati humwita mwanamke huyo hazina ya taifa kwenye hotuba, kisha humwacha na kiu kutwa nzima katika joto la Dar es Salaam. Wala si uwanja huu peke yake. Stendi, masoko na viwanja vya mpira hujengewa vyoo, utepe hukatwa, picha hupigwa, na kuanzia hapo ufunguo huwa na mwenyewe asiyepatikana. Mgeni rasmi, kwa bahati yake, huondoka mapema.

Kinachodaiwa si kikubwa. Vyoo vifunguliwe kabla ya geti, na funguo zikae kwa mlinzi, ambaye angalau yupo. Anayetoka agongwe muhuri mkononi ili aweze kurudi. Wasusi wapewe zamu za kupumzika. Fedha ya tiketi ya bibi irejeshwe kwake mkononi, isigeuzwe kuwa kuponi ya maonesho ya mwakani: ana miaka 82.